Apariteri na Saa ya Kinshasa

Kabla sijamchoka, nilimwogopa. Karibu watu wote wa chuo chetu walimwogopa, hata maprofesa, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika majina. Kwetu Bunia mtu wa namna hiyo anaitwa apariteri: anaandikisha wanafunzi, anatunza mafaili yao, anaita majina mlangoni siku ya mtihani, na asipokuita hukusoma, hata kama ulikalia benchi mwaka mzima. Nilifanya naye kazi miaka sita. Nilimwita Papa Apariteri. Yeye aliniita Madamu Rezo, maana kazi yangu ilikuwa kutunza rezo, yaani mtandao wa kompyuta wa chuo: nyaya, antena, seva, na hasira za wote walioshindwa kuingia.

Hakunipigia simu hata mara moja. Rezo ikimsumbua alivuka uwanja kwa miguu, mvua au vumbi, akasimama mlangoni kwangu mpaka niinue macho. Hakukohoa wala kugonga. Mara nyingine nilijifanya sikumwona, nikihesabu ni nani kati yetu atakayechoka kwanza. Nilichoka mimi.

"Mashine imenikataa," alisema.

"Imeandika nini, Papa?"

"Imeandika maneno."

"Maneno gani?"

"Nimeifunga. Huwezi kuacha mutu na machozi ku uso."

Aliamini kwamba kuacha ujumbe wa kosa kwenye kioo ni utovu wa adabu, kama kumwacha mgeni amesimama. Basi aliufuta kabla hajaja kuniita. Nilimwomba asiufute, nikamwomba aunakili kwenye karatasi, nikamwomba akumbuke japo neno moja. Yeye, ambaye hakuna namba ya mwanafunzi iliyompotea kichwani, hakukumbuka hata herufi. Kila ugonjwa nilianza kuutafuta upya, toka unyayo hadi utosi.

Namba alizikumbuka kweli. Mwanamume mmoja aliyemaliza masomo zamani alikuja kuomba hati, na kabla kompyuta haijawaka Papa Apariteri alikuwa amekwisha kutaja namba yake, mwaka wake, na somo alilorudia.

"Kama yote iko kichwani," nikamwuliza, nikiwa nimepiga magoti chini ya meza yake natafuta waya, "mashine ni ya nini?"

"Ya siku nitakufa," akajibu, na akaendelea kuandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulishikilia karatasi isipeperuke, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa.

Watu wa nje walimwona mgumu, nao hawakukosea. Saa mbili kamili alifunga mlango wa ofisi yake, na aliyefika saa mbili na dakika moja alisimama nje mpaka saa nne, akiwa mwanafunzi au mkuu wa idara. Lakini nilimwona pia siku ile alipokuja msichana kutoka Djugu. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa, familia ilikuwa inaishi kwenye kambi ya waliohama, na karatasi zake za shule zilibaki kwenye moto. Papa Apariteri alimsikiliza, akamwambia bila karatasi hakuna jina, aende. Msichana aliondoka. Mimi nilikuwa pale nabadilisha kibodi, na nilimchukia mzee yule jioni nzima.

Baada ya majuma matatu nilipata kujua kwamba siku ileile alikuwa ameanza kumtafuta mwalimu mkuu wa shule ile iliyoungua. Aliuliza kwa mapadri, akauliza kwa madereva wa malori, mpaka akampata Mahagi-Port, alikokimbilia kwa ndugu yake mvuvi. Barua ya uthibitisho ilirudi ikinuka samaki. Msichana akaandikishwa. Juma lililofuata alichelewa dakika tano, na Papa Apariteri akamfungia mlango kama wengine.

"Papa, huyu naye?" nikasema.

"Sasa iko mwanafunzi," akanijibu. "Zamani alikuwa mutu wa shida. Leo iko mwanafunzi."

Sikujua nicheke au nigombe. Kwake nilikuwa hivyo mara nyingi.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo hatukupatana kamwe. La kwanza ni mizajuri. Ndivyo tunavyoita kule kompyuta kujisasisha yenyewe, inapovuta mfumo mpya kutoka nje na kuuweka juu ya ule wa zamani. Mtandao wetu ni mwembamba kama uzi. Mashine moja ikianza kuvuta mizajuri, chuo kizima kinasimama. Nilibandika karatasi ukutani mwa ofisi yake kwa herufi kubwa: usikubali, niite. Alikubali kila mara.

"Iliomba na heshima," alinieleza. "Mutu akikuomba na heshima, utamujibu nini?"

"Utamujibu kesho."

"Nilimujibu kesho mara tatu. Ya ine ingekuwa haya."

La pili ni saa. Nchi yetu ni pana, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Redio ya huko inaposema ni saa moja asubuhi, sisi huku ni saa mbili. Watu wengi hawajali, wanaongeza kimoyomoyo na maisha yanaendelea. Yeye aliijibu redio. "Huku ni saa mbili," aliiambia, kila asubuhi, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mtoto. Nilimwuliza siku moja kwa nini inamwuma.

"Juu wanafikiri siye tuko nyuma yao. Siye tuko mbele. Jua inapita kwetu mbele ya kufika kwao."

Nilicheka. Nilipaswa kulishika neno lile, na sikulishika.

Mwaka wa sita wa kazi yetu ikaja mizajuri kubwa, ile inayobadilisha sura ya mashine mpaka watu wanauliza vitufe vimehamia wapi. Ilikuja katika juma la mwisho la kuandikisha, wakati mbaya kuliko wote. Ofisi ya apariteri na ukumbi wa jirani zilikuwa na kompyuta kumi na moja, na Papa Apariteri, kwa heshima yake, alizikubalia zote siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi zote ziliwaka vizuri. Lakini mtu akiandika jina lake na neno la siri ili aingie kwenye rezo ya chuo, alikataliwa. Zote kumi na moja, majina yote.

Nilifanya yale ambayo fundi yeyote angefanya. Niliziambia mashine ziusahau mtandao, kisha nikazifundisha upya. Nilibadilisha maneno ya siri. Nilifuta cheti cha usalama cha zamani nikaweka kipya. Nilichomeka waya pale ambapo mawimbi ya antena yalikataa, nikazizima, nikaziwasha. Ilipofika saa tisa alasiri, ofisi ikiwa inafungwa, zote ziliingia, nikaenda nyumbani nikijisifu. Jumanne asubuhi zilikataa tena. Nikarudia yote, zikapona alasiri. Jumatano asubuhi zikakataa.

Nje wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye majani na bahasha zao magotini. Wengine walikuwa wametoka Niania, siku mbili juu ya lori, na njia ile si njia ya kurudi ovyo. Kijana mmoja wa huko alinifuata mpaka bombani nilipokwenda kunawa uso.

"Madamu, nikirudi bila kuandikwa, baba hatanituma tena. Atasema niliongopa."

Nilimwambia angoje.

Katibu wa Masomo aliniita ofisini. Ni mtu anayesema polepole, na kadiri anavyokasirika ndivyo anavyozidi kupunguza mwendo. Alisema orodha lazima itoke Ijumaa kabla ya adhuhuri, la sivyo wasiomo watapoteza mwaka. Akasema kwamba mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na kwamba mjini kuna mafundi wengine. Nilisema ndiyo, nimeelewa.

Katika siku zile Papa Apariteri alinisumbua kuliko mtandao wenyewe. Alileta kiti chake akakiweka nyuma ya kiti changu, na kila nilichogusa alikisemea. "Jana uligusa fasi hii pia." "Hii ilikuwa ya kwanza kukataa, ya pili ni ile ya dirisha." "Unaenda mbio." Wanafunzi walipochungulia dirishani aliwaambia rezo inapumzika. Nilimwomba anyamaze. Alinyamaza dakika mbili, akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi nilifika mapema. Nilitaka kuzikuta mashine zikiwa zimelala, niziwashe mwenyewe, nione ugonjwa unaingia wakati gani. Mlinzi aliniambia mzee ameshafika. Nilipokaribia ukumbi nikasikia kiti kikivutwa, na kupitia mlango uliokuwa wazi nikamwona. Alikuwa anakwenda kutoka mashine hadi mashine na kitambaa chake cha kufutia vumbi. Alifuta kioo, akainama, akabofya mara kadhaa kwa kidole kile kimoja, akaitazama saa ya mkononi, akabofya tena. Kisha akaenda kwenye inayofuata.

"Papa, uko unafanya nini?"

"Minarudisha saa fasi yake," akasema bila kugeuka. "Angalia. Sasa ni saa moja na dakika makumi mbili. Hii inasema saa kumi na mbili na dakika makumi mbili. Zote zinaamuka na saa ya Kinshasa."

"Toka siku gani?"

"Toka mizajuri. Asubui minazitengeneza, mangaribi weye unaziharibu, asubui minazikuta tena ku Kinshasa." Hapo akanigeukia. "Niliona ni mikono yako. Nilinyamaza, juu sikutaka kukupatisha haya mbele ya batoto."

Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Niliielewa yote kwa mara moja. Mashine inapoomba kuingia kwenye rezo, yenyewe na seva hulinganisha saa. Zikitofautiana kwa zaidi ya dakika chache, seva hudhani ni mwizi anayetumia ruhusa ya zamani, nayo hufunga mlango. Mizajuri ilikuwa imezihamishia mashine zetu kwenye majira ya Kinshasa. Hilo peke yake lisingedhuru kitu, kwa kuwa seva inajua kwamba saa moja ya Kinshasa ni saa mbili ya kwetu. Lakini mzee huyu, badala ya kubadilisha mji, alikuwa anasukuma mishale kwa mkono. Mashine ikabaki inadai iko Kinshasa, huku saa yake ikiwa mbele ya Kinshasa yote. Seva ikaikataa. Nami alasiri nilipoziunganisha upya na kuziwasha tena, zenyewe zilichukua saa sahihi kutoka kwa seva, zikaingia, na kesho yake asubuhi akazisukuma tena. Siku nne mmoja wetu alikuwa anashona na mwingine anafumua.

Mtu mwenye moyo mzuri angecheka. Mimi nilikuwa nimelala saa chache kwa siku nne, na mkataba wangu ulikuwa shingoni.

"Weye njo ugonjwa ya hii rezo," nikamwambia, na sauti yangu ilikwenda mbali kuliko nilivyotaka. "Siku ine natafuta, kumbe ni weye. Nani alikutuma uguse saa? Niliandika ku ukuta uniite. Hausikii. Haujasikia hata siku moja. Batoto wanalala ku majani juu yako."

Nilipogeuka nikaona vichwa vya wanafunzi madirishani. Mlangoni alisimama Katibu wa Masomo na mkoba wake. Alikuwa amesikia yote.

"Kumbe," akasema polepole, akaenda zake.

Papa Apariteri alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya meza. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Na nani aliambia mashine kama Bunia iko Kinshasa?"

Niligeukia kioo. Jibu nililijua. Baada ya mizajuri kubwa fundi anapaswa kukagua majira ya kila mashine, na orodha ya ukaguzi niliiandika mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa mstari huo, kwa sababu kompyuta yangu haikuguswa na saa yangu ilikuwa sawa. Tena mtumiaji wa kawaida hawezi kubadilisha saa. Yeye aliweza kwa kuwa niliwaachia wote ruhusa za fundi, nisisumbuliwe kila printa inapokwama. Kwenye orodha ya miji nilichagua Lubumbashi, ambayo ndiyo majira yetu, mashine baada ya mashine. Kila moja ilichukua dakika mbili. Niliwaondolea na zile ruhusa.

Kabla ya saa nne zote kumi na moja ziliingia, na hazikukataa tena. Papa Apariteri aliandika majina kutwa nzima na kesho yake asubuhi, kidole kimoja, bila kwenda kula, wala hakunitazama. Yule kijana wa Niania aliandikwa wa arobaini na kitu. Orodha ilitoka Ijumaa saa tano.

Jumatatu Papa Apariteri alipewa barua ya kumtaka ajieleze ndani ya siku moja. Alijieleza. Barua hizo zilipita kwangu, maana mimi ndiye niliyezipiga picha na kuziweka katika kumbukumbu za chuo. Yake ilikuwa na mistari minne ya Kifaransa, kwa mwandiko wake uliosimama wima. Alisema amebadilisha saa za mashine bila kumwuliza mwenye dhamana, kwamba mwenye dhamana hakuwa na habari, na kwamba hatarudia. Basi. Habari za majira ya Kinshasa hazikuwemo, wala ruhusa nilizoziacha wazi, wala lile swali aliloniuliza.

Niliisoma mara mbili, nikaiweka kwenye mashine ya kupigia picha, nikabofya. Alipewa onyo la maandishi, la kwanza katika kazi yake yote. Mwezi uliofuata mkataba wangu ukaongezwa.

Hakubadilika kwangu, ila kwa jambo moja. Rezo ilipomsumbua alikuja bado kusimama mlangoni, lakini sasa alishika karatasi, na juu yake maneno yote ya kosa yalinakiliwa, pamoja na vituo na mikato. Nilikuwa nimeomba hivyo miaka mitano. Kila alipoinyoosha karatasi ile nilitamani aifute tu kama zamani. Mwisho wa mwaka alistaafu. Kwenye sherehe ya kumuaga niliombwa kupiga picha, nikafurahi kuwa na kitu cha kushika mbele ya uso.

Ilipita miaka miwili. Niliambiwa anaishi mtaa wa Bigo na hatoki sana kwa sababu ya magoti. Jumapili moja baada ya misa nilikwenda, bila kutangaza. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage kwenye ungo, na mke wake akanipa kiti. Tuliongea habari za njia, za vita, za nani amekufa. Kisha nikamwambia. Nilisema kosa la siku zile lilikuwa langu kabla halijawa lake, kwamba nilijua siku ileile, kwamba niliisoma barua yake na nikanyamaza, na kwamba nimekuja kuomba msamaha.

Aliendelea kutoa mawe.

"Nilijua unajua," akasema. "Ningeandika jina yako, wangekufukuza. Na nani angetengeneza rezo? Miye?"

"Basi unanisamehe, Papa?"

"Unataka kutua muzigo yako hapa kwangu?" Akaniangalia sasa, na yalikuwa macho yale ya mlango uliofungwa saa mbili kamili. "Hii haiko fasi yake. Onyo haiko mu nyumba yangu, iko mu faili ku ofisi. Peleka kule."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa kukumbatiana, hata kwa kufukuzwa. Sikuwa nimejiandaa kutumwa. Nilikunywa chai ya mke wake kwa haraka nikaondoka.

Jumatatu niliandika ukurasa mzima wa Kifaransa: majira, ruhusa, orodha ya ukaguzi, ukimya wangu. Niliomba onyo lile liondolewe katika faili lake. Katibu wa Masomo aliisoma barua hiyo polepole sana, nikajua amekasirika. Aliniuliza kama ninaelewa kwamba sasa onyo litahamia kwenye faili langu. Nilisema naelewa. Akasema iletwe nakala safi, atie sahihi. Nikaiandika nakala safi, na kabla ya kuipeleka nikapita Bigo, kwa sababu nilitaka mzee awe wa kwanza kuiona.

Alivaa miwani. Akaisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika chini akarudi juu, akasoma tena, na kidole kikasimama katikati ya ukurasa.

"Hapa," akasema. "Kitenzi hiki kinafuata mashine. Ziko nyingi. Weye umeandika sawa vile iko moja."

"Papa, ni herufi mbili tu. Katibu hataona."

"Atakayefungua faili kiisha miye kufa ataona." Akanirudishia karatasi. "Rudia. Barua ya makosa haiingie mu faili yangu na makosa."

Nilishuka njia ya Bigo nikiwa na hasira, nikijibizana naye kwa sauti mpaka watu wa sokoni wakageuka kunitazama. Nilipofika chuoni nikawasha kompyuta, nikaongeza zile herufi mbili, nikaisoma barua nzima toka mwanzo kutafuta kosa lingine. Nilikuta moja ambalo hakuliona. Nikalirekebisha, nikaipeleka barua.